Kivuli Kilichoiba Muhuri

Juzi mlinikatia keki ya kustaafu, mkanipa kiti cha kupumzikia, na mmoja wenu akaniomba niandike mambo machache ya kuwasaidia kazini. Machache siwezi. Kazi hii ya kuzifanya picha zitembee na ziseme niliileta Busia mimi, kwa mikono yangu. Kila mmoja wenu anayejua leo kumfanya mtu wa kuchorwa apige chafya ikaaminika, alijifunza kwangu au kwa mtu niliyemfundisha. Nalisema hili bila aibu. Lakini katika miaka yote hiyo kuna Jumapili moja iliyonishtua hadi leo, na naona mnaisimulia vibaya mnapokunywa chai. Ni habari ya kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza wa Foleni, na ya mwanamke niliyemfukuza kazi kwa kosa ambalo lilikuwa langu mwenyewe.

Nilirudi kutoka Johannesburg na sanduku moja, meza ya taa iliyoviringishwa ndani ya blanketi, na diploma ya uchoraji wa katuni. Diploma hiyo hakuna mjomba aliyenilipia. Mchana nilikuwa darasani, jioni nikisugua sufuria katika jiko la hoteli, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani. Moja iliniangukia mguu wa kushoto. Nilichechemea miezi miwili, mguu ukapona, nikasahau. Baada ya masomo niliingia katika studio moja, nikachora mawingu. Miaka mitatu ya mawingu. Mtu akiniambia leo kwamba kazi yake inamchosha, namuuliza amechora mawingu mangapi.

Nilipofika nyumbani niliwaambia watu kwamba nimerudi kwa sababu nchi inanihitaji. Nilikuwa nimevaa suti.

Nilikodi vyumba viwili juu ya duka la matairi la Hajji Shaban, karibu na kituo cha matrela. Siku ya kwanza Hajji alipanda ngazi kuona mpangaji wake ameleta nini. Aliikuta meza ya taa imewaka, akaizunguka.

"Hii ni ya kuangalia mayai?" aliuliza.

"Ni ya kuchora, Hajji."

"Unachora nini na taa iko chini?"

"Watu wanaotembea."

Alikwenda dirishani akatazama nje. Madereva walikuwa wakinunua chapati, mawakala wa forodha wakikimbia na mafaili, pikipiki zikiwavusha abiria mpakani na kurudi. "Hao wanaotembea wako hapo bure," alisema. "Lakini sawa. Diploma ni yako."

Tangu siku hiyo mji mzima uliniita Diploma. Niliipokea kama heshima.

Ninyi mmeikuta kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo. Ukitaka mtu atembee, unachora hatua zake katika karatasi kumi na sita. Ya kumi na sita inarudi kwenye ya kwanza, naye anaendelea kutembea hadi umwambie asimame. Bunda hilo la karatasi ndilo mwendo wake. Unalichora mara moja, kwa jasho, kisha unalitumia maisha yake yote. Kila mhusika wa Foleni alikuwa na bunda lake, limefungwa kwa utepe wa rangi, na niliyatunza kama hati za shamba. Hadi leo mnafanya vilevile, isipokuwa mabunda yenu yako ndani ya mashine na panya hawayali.

Kuchora nilijua. Sauti ndiyo iliyonishinda, ingawa kwenye diploma yangu kuna alama nzuri ya sauti. Siku moja nilikuwa nimeshika kiatu nikigonga meza ili nipate hatua za dereva. Nyuma yangu, mlangoni, mtu akasema, "Huyo ng'ombe wako anaumwa?"

Alikuwa mama mrefu, mkononi ana kikapu cha wimbi. Alikuwa amepotea ngazi akimtafuta Hajji.

"Si ng'ombe," nilimwambia. "Ni dereva wa trela."

"Basi dereva wako ana miguu minne na haendi mahali."

Aliweka kikapu chini, akaninyang'anya kiatu. Aliomba cha pili. Alimimina mchanga kutoka kwenye ndoo yangu ya kuzimia moto kwenye sinia, akapiga magoti, akavitia mikono viatu vile. Nilifumba macho. Nikasikia dereva akishuka kutoka kwenye kibanda cha trela, akinyoosha mgongo, akilizunguka gari lake kukagua matairi, amechoka, ana njaa. Nilipofumbua macho nilimkuta mwanamke wa kijiji cha Moding amepiga magoti mbele ya sinia.

Huyo ndiye Mama Amoit. Alikuwa akilima muhogo na wimbi, na kanisani kwao ndiye aliyekuwa akisimamia michezo ya Krismasi. Hakuwa na cheti cha kitu chochote. Nilimwajiri siku hiyohiyo, na kwa miaka mingi niliwaambia wageni kwamba nilimfundisha kazi. Leo nawaambia ninyi kwamba hapakuwa na somo hata moja nililompa. Alinifundisha kwamba mtu aliyeshiba hukanyaga na kisigino, na kwamba mtu mwenye deni hupunguza hatua anapopita dukani. Alikuwa na sanduku la mbao lililojaa viatu: akala, gambuti, champali, raba za shule. Kila mhusika alikuwa na jozi yake. Humo ndani mlikuwa pia na viatu vyangu vya ngozi nilivyorudi navyo. Nilikuwa nimevitupa, akaviokota kwenye pipa.

Foleni mnaijua, lakini wengine mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnanyonya. Ni katuni ya vichekesho kuhusu watu waliokwama kwenye foleni ya matrela ya Malaba. Foleni haiendi. Watu wanachumbiana ndani yake, wanafungua maduka kati ya trela na trela, wanachagua mwenyekiti wa foleni. Stesheni moja ya Nairobi iliirusha kila Jumamosi saa kumi. Walidhani tumebuni mambo. Watu wa Malaba walidhani ni taarifa ya habari.

Mhusika aliyechekesha kuliko wote aliitwa Bwana Majuu. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, anavaa kofia na koti refu hata juani, na ana sanduku ambalo halifungui mbele ya watu. Kila kipindi aliwaambia wenzake kwamba foleni ikienda tu, yeye anarudi kwenye jumba lake kule alikotoka. Nilimchora kutoka kichwani, bila kumtazama mtu yeyote, na bunda lake la hatua nililimaliza kwa siku mbili. Nilijisifu sana kwa hilo. Nilipopita sokoni watu waliniita, "Diploma! Majuu hajambo?" na wakacheka. Nilijua wanapenda kazi yangu.

Msimu wa kwanza ulipokaribia kuisha, stesheni ilitutaka tumalize kwa jambo litakalowafanya watu wasubiri. Niliwapa hili. Siku imefika, foleni itaenda. Afisa wa lango ameinua muhuri juu ya karatasi ya trela ya kwanza. Umeme unakatika. Kwa sekunde tisa, katika mwanga wa taa za trela, tunaona kivuli kikipita ukutani, kutoka kushoto hadi kulia. Umeme unarudi. Mkono wa afisa uko juu na muhuri haupo. Mwisho.

Bwana mkubwa wa stesheni alipiga makofi ofisini kwake. Kisha akasema jambo ambalo sikulisahau: msimu wa pili upo ikiwa tu mwizi hatajulikana kabla. "Jibu likitoka nje, Barasa, usituletee kitu." Tulikuwa wafanyakazi wanane juu ya duka la Hajji. Nilirudi na siri hiyo kama mtu aliyebeba mayai.

Mwizi alikuwa Bwana Majuu. Aliiba muhuri ili foleni isiende kamwe, kwa sababu ikienda hana pa kurudi. Hakuna jumba. Sanduku ni tupu. Sikuyaandika hayo mahali popote. Sikumwambia mke wangu. Kivuli nilikichora peke yangu, mlango nimeufunga kwa komeo, na nilipomaliza nilimwita Mama Amoit aweke sauti ya hatua.

Alizitazama zile sekunde tisa. Akazitazama tena. Mara ya tatu aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza.

"Huyu anavaa nini miguuni?" aliuliza.

"Viatu. Usijali ni nani."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza viatu."

"Weka vyovyote, Mama."

Akasema hana kiatu kinachofaa, atatafuta. Siku mbili baadaye alirudi na gambuti nzito ambazo sikuwahi kuziona, akaweka hatua, akaondoka zake nyumbani.

Kipindi kilirushwa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Jumapili asubuhi, mawakala wa forodha walikuwa wamegawanyika makundi mawili langoni, wengine wakisema mwizi ni afisa mwenyewe, wengine wakisema ni mama wa chapati. Wabadilishaji fedha walikuwa wakigombana wakasahau kuita wateja. Mhubiri mmoja aliitaja katuni yangu katikati ya mahubiri. Hajji Shaban alinizuia kwenye ngazi.

"Diploma, niambie mimi peke yangu. Mimi ni mtu mzima, nimekwenda Makka."

"Hata ungekwenda mara mbili, Hajji."

"Basi nitikisie kichwa tu. Ni mama wa chapati?"

Nilishuka nikitembea kama mfalme. Mchana huo nikavuka kwenda upande wa Uganda kusikia sifa za huko.

Ng'ambo ya mpaka kuna kumbi za video ambako filamu na katuni huonyeshwa watu wakiwa wamebanana kwenye mabenchi. Pale hawangoji filamu ijieleze. Mtu hukaa pembeni na kipaza sauti, sauti ya filamu inapunguzwa, naye anaisimulia papo hapo kwa lugha ya watu wake, anatania, anaongeza maneno, anawaonya wahusika. Wengine huenda ukumbini kwa ajili ya msimulizi, si filamu. Ukumbi nilioingia ulikuwa wa Ssalongo. Nilimfahamu, kama kila mtu: siku za kazi alikuwa fundi viatu, kibanda chake kiko upande wetu, hatua chache kutoka njia ya kuvukia. Jumapili alivuka kwao na kushika kipaza sauti.

Nilikaa nyuma. Mtu alikuwa amekinasa kipindi changu cha jana kwenye flashi. Ssalongo alikisimulia vizuri kuliko nilivyotarajia, watu wakacheka mahali pa kucheka na hata pale ambapo sikuwa nimeweka kicheko. Umeme wa katuni ukakatika. Kivuli kikaingia ukutani.

"Banange!" Ssalongo akapaza sauti. "Mwone! Mwoneni anavyojificha! Wewe Majuu, rudisha muhuri wa watu!"

Ukumbi ulilipuka. Mimi niliganda.

"Majuu, ssebo, unaogopa nini?" aliendelea, akimwonea huruma sasa. "Foleni ikienda utarudi wapi? Huna pa kurudi, maskini. Afadhali sote tulale hapa!"

Watu walikuwa wakipiga mabenchi kwa vicheko, na mimi nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Jina angeweza kubahatisha. Lakini ile sababu? Ilikuwa kichwani mwangu tu. Nilitoka nje na jua likanipiga machoni. Sikumbuki nilivyovuka mpaka. Nilikuja kujishtukia niko kwenye ngazi ya Hajji, nimeshika ukuta.

"Umeona jini?" Hajji aliniuliza.

"Hajji, nani kati ya watu wangu umemwona na Ssalongo?"

Alifikiri. "Mama Amoit. Wiki chache zilizopita, alikaa pale kibandani karibu nusu saa. Kwa nini?"

Hapo kila kitu kilijipanga, na kilijipanga vibaya. Mama Amoit ndiye mtu pekee, mbali na mimi, aliyekaa na kile kivuli kabla hakijarushwa. Na kulikuwa na jambo jingine. Alasiri moja, umeme umepotea na tukingoja urudi, nilikuwa nimemwambia kitu ambacho Busia nzima haikukijua: kwamba studio ya Johannesburg ilifungwa, kibali changu kikaisha, na nikarudi kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Suti niliyovaa niliinunua Nairobi, kituo cha basi. Alinisikiliza, akasema, "Basi umefika," na hakulirudia tena. Nikasema hapo ndipo alipoipata sababu, wala sikujiuliza kwa nini habari yangu ilimfaa Majuu.

Jumatatu asubuhi nilimwuliza mbele ya wenzake wote.

"Mama Amoit, umemwambia nini Ssalongo?"

Alikuwa akipangusa vumbi kwenye akala. "Kuhusu nini?"

"Ukumbi mzima jana umejua mwizi. Umejua na sababu. Ulikuwa kwake, umeonekana."

"Nilikwenda kununua viatu."

"Nusu saa?"

Aliinua macho akaniangalia muda mrefu. Kisha akawaangalia wale vijana waliokuwa wakijifanya wanachonga penseli. "Unaniuliza hivyo mbele ya hawa?"

"Jibu tu. Ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia mtu."

Nilimwambia kwamba sina nafasi ya watu wanaouza kazi ya wenzao. Maneno hayohayo. Aliweka akala ndani ya sanduku, akalifunga, akalisukuma kwa mguu hadi chini ya meza yangu. "Viatu ni vya kazi," alisema. Akashuka ngazi. Nilizisikia hatua zake mpaka chini, na kwa mara ya kwanza hazikuniambia chochote.

Wiki mbili zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Tulijaribu sauti za hatua za kununuliwa, zile zinazouzwa zikiwa zimerekodiwa tayari, na kila mhusika akatembea kama askari wa gwaride. Moding habari zilikwisha kufika: watu walikuwa wakimwuliza Mama Amoit kanisani kama ni kweli aliiba siri ya televisheni. Kule mtu akiitwa mwizi wa kitu kisichoonekana, hana namna ya kukirudisha. Aliacha kusimamia michezo. Halafu stesheni ikapiga simu: wamesikia kwamba upande wa Uganda jibu linajulikana, je, ni kweli? Nikasema nachunguza.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa kwenda kwa Ssalongo kumfokea. Nilimkuta kibandani, uzi mdomoni, miguu ya watu ikimpita usoni kwa mamia, wakivuka na kurudi.

"Mama Amoit alikupa nini ukatangaza kazi yangu?" nilimwuliza.

Alitoa uzi mdomoni. "Alinipa bei mbaya. Alitaka gambuti. Alizijaribu zote, anatia mkono, anapiga kwenye huu ubao wangu, anasikiliza. Akachukua nzito kuliko zote. Hakusema neno, huyo nnyabo, huyo mama."

"Basi ulijuaje ni Majuu?"

"Wewe unaniuliza?" Alicheka, akaona sicheki, akaacha. "Diploma, mimi nakaa hapa naangalia miguu tangu asubuhi. Sura siangalii, nitapata wapi nafasi? Ule mguu wa kivuli niliujua kabla hajafika katikati ya ukuta. Wa kushoto unachelewa kidogo, unakanyagia nje. Ni mguu wa Majuu. Viatu vilibadilishwa, nilisikia. Aliyeweka ile sauti ni mjanja, alimvalisha gambuti ili tusimjue. Lakini mguu ni uleule."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

Kile kivuli, nilikuwa nimekichora kwa haraka. Stesheni ilikuwa ikinisukuma, nami nikachukua bunda la hatua la Bwana Majuu, nikamvua kofia, koti na sanduku, nikampaka weusi mwili mzima, nikaona nimemaliza. Karatasi kumi na sita zilezile. Mimi mwenye diploma. Siri niliyoifungia komeo niliipitisha mwenyewe ukutani, sekunde tisa, mbele ya nchi mbili.

Na Mama Amoit aliiona. Ndiyo maana aliinamisha kichwa. Alijua ni nani mara ya tatu tu alipokitazama, na badala ya kuchukua viatu vya Majuu sandukuni, vile vyangu vya ngozi, alitembea hadi hapa kutafuta kiatu kizito cha kunifichia kosa langu.

"Na ile sababu?" nilimwuliza Ssalongo. Sauti yangu ilikuwa imeshuka. "Kwamba hana pa kurudi?"

"Wanaorudi wananipita hapa kila siku. Anayerudi kwa kupenda anatazama mbele. Anayerudi kwa sababu kule kumeisha anatembea wima sana, kama amebeba kitu kichwani kisianguke. Majuu anatembea hivyo." Alinyoosha mkono. "Lete kiatu. Cha kushoto."

Nilimpa. Alikigeuza, akanionyesha kisigino, kimelika upande wa nje hadi kwenye misumari.

"Kisigino hiki nimekibadilisha mara tatu. Cha kulia hata mara moja." Aliniangalia usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Majuu ni wewe, ssebo. Kwani ulikuwa hujui?"

Nataka niwe mkweli kwenu: nilikuwa sijui. Busia yote ilijua, Malaba ilijua, Hajji alijua kila aliponiita Diploma. Nilikuwa nimekaa na karatasi nyeupe, nikachora kutoka kichwani, na mkono ukachora mwili uliokuwa karibu zaidi. Sufuria ya Johannesburg ilikuwa bado juu ya mguu wangu. Nilibaki pale kwenye kigoda, soksi moja chini, nikiona miguu ya watu ikipita, na kila mmoja ulikuwa na habari zake ambazo mwenyewe hakuzijua.

Nilikwenda Moding mchana uleule, kisigino kikiwa kimebadilishwa tena. Sikujua nitasema nini. Nyumba ya Mama Amoit ina ua wa changarawe mbele, na nilikuwa bado sijafika mlangoni, sijabisha hodi, nilipomsikia kutoka ndani.

"Ingia, Barasa. Yoga," alinisalimu kwa Kiteso. "Ssalongo amekitengeneza kisigino vizuri, lakini mguu bado unachelewa."

Alikuwa amekaa akipepeta wimbi. Hakuniambia nikae. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: bunda la hatua, gambuti, kisigino. Nilimwomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa sababu sikuwa na mazoezi.

"Kwa nini hukuniambia umemjua?" nilimwuliza mwishoni.

"Ulisema nisijali ni nani."

"Na siku ile Jumatatu? Ungesema tu."

"Uliniuliza kama nimemwambia mtu. Nikakujibu. Kama nilijua, hukuniuliza." Alipeperusha makapi. "Ningekujibu mbele ya wale vijana kwamba umechora mguu wako mwenyewe? Kesho wangekuheshimu vipi?"

Nilishika ungo wake upande mmoja, akauvuta kwake.

"Sasa kila mtu anajua mwizi," nilisema. "Stesheni itatukatalia. Tutaendelea vipi?"

"Kujua ni nani kuna shida gani? Mimi nilijua Majuu ni wewe tangu kipindi cha tatu, na bado nilikuja kazini kila siku kuona atafanya nini."

Niliondoka na masharti yake mawili. La kwanza, Jumapili niende kanisani kwao niseme mbele ya watu nani alikosa. La pili, miguu ya kipindi chochote kile, yeye ndiye atakayeichagua, na mimi nitachora kufuata sauti yake, si yeye kufuata picha yangu. Ndiyo maana hadi leo ninyi huanza na sauti. Mnadhani ni utaratibu wa kisasa. Ni adhabu yangu.

Kanisani nilisema. Walikuwapo watu mia mbili; nilipofika kwenye kisigino mama wa mchungaji alicheka, na kila mtu akamfuata. Mama Amoit hakucheka. Alikuwa akitazama mbele, mikono magotini, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuweza kamwe kuichora.

Stesheni niliipigia Jumatatu nikawaambia kwamba jibu liko nje na aliyelitoa ni mimi. Nikangoja yule bwana mkubwa akate simu. Badala yake akauliza, "Na kwa nini aliiba?" Nikamweleza kwamba hana pa kurudi. Halafu akasema, "Leteni." Msimu wa pili tuliufungua na Majuu amekaa juu ya sanduku lake tupu, muhuri mkononi, na watu wa foleni wakija mmoja mmoja, si kumkamata, ila kumwonyesha mahali pa kulala. Kipindi hicho hakina maneno dakika nne nzima. Ni miguu tu.

Basi hayo ndiyo ninayowaachia. Mkichora kutoka kichwani, nendeni mkajitazame kwenye kioo kwanza. Kabla hamjamshuku mtu, fungueni bunda lenu wenyewe. Meza ya taa mnaweza kuitumia. Ikishindikana, Hajji bado anaitaka kwa ajili ya mayai.

Juzi mlipomaliza keki na kuondoka, nilibaki peke yangu. Nilivuta sanduku la Mama Amoit kutoka chini ya meza. Alistaafu kabla yangu, anapepeta wimbi Moding, lakini sanduku alikataa kulichukua. Nilivua viatu, nikavipanga ndani kando ya vile vyangu vya kwanza, vya ngozi, nikashuka ngazi na champali. Nilipopita kibandani, Ssalongo alikuwa ameinama juu ya kiatu cha mtu, uzi mdomoni. Hakuinua kichwa.

"Diploma," alisema, "leo umebadilisha viatu."